KICHWA CHA TRENI CHENYE MAGURUDUMU MANANE KILA UPANDE: JINSI YA KUKIUNDA KWA KADI YA SIMU

 Vidole vyangu vimejaa gundi. Katika makala haya ninataka kukufundisha jinsi ya kuunda mfano wa kichwa cha treni ya dizeli kwa mikono yako mwenyewe, bila kununua kitu dukani isipokuwa gundi, wembe na rangi kidogo. Mfano wenyewe ni mdogo sana. Ukiuweka katika mkebe wa vifaa vya hisabati, mfuniko unafunga na bikari inabaki na nafasi yake.

Najua wengi wetu tuliunda magari ya waya tukiwa shule ya msingi, na kuna watakaosema kwamba huyu wa kidato cha tatu bado anacheza. Hebu ngojeni kwanza. Mkifika kwenye hesabu mtaniambia kama ni mchezo.

Kwa kuwa hili ni jarida la Chama cha Kiswahili, tuanze na maneno. Watu husema "treni" wakimaanisha msafara wote. Gari lenye injini linalovuta msafara huo huitwa kichwa, na yale yanayovutwa ni mabehewa. Neno garimoshi lilizaliwa zamani za mvuke, lakini hata dizeli hutoa moshi, tena mweusi tititi inapopanda mlima, kwa hivyo mimi sioni sababu ya kulistaafisha. Vile vyuma viwili virefu ni reli, na vipande vinavyolala chini yake ni mataruma, kimoja kikiitwa taruma. Chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ni ekseli. Ekseli kadhaa zikifungwa katika fremu moja inayoweza kugeuka kidogo chini ya kichwa, fremu hiyo huitwa bogi. Hilo la bogi lishike sana, maana ndilo kiini cha makala haya.

Sasa tuje kwenye kichwa chenyewe. Reli kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899 na Kisumu mwaka wa 1901. Upana kati ya reli na reli ulikuwa milimita 1,000, yaani mita moja kamili. Kwa miaka mingi kazi ilifanywa na vichwa vya mvuke. Vilivyovuma kuliko vyote ni vile vya daraja la 59, ambavyo vilikuwa 34, viliundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester katika miaka ya 1955 na 1956, na kila kimoja kilipewa jina la mlima. Kimoja, Mount Gelai, kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli Nairobi, na ukisimama kando yake unajiona kama sisimizi.

Kuanzia mwaka wa 1960 Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilileta vichwa vya dizeli vya daraja la 90 ili vichukue kazi ya mvuke. Viliundwa na kampuni ya English Electric katika kiwanda cha Vulcan Foundry, mjini Newton-le-Willows, Uingereza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, Kenya ikabaki na shirika lake la reli, na vichwa hivyo vilipewa namba mpya vikawa daraja la 87. Kwa hivyo ukiona picha mbili za vichwa vinavyofanana kama mapacha, kimoja kina namba inayoanza na 90 na kingine 87, usidhani macho yako yamekudanganya.

Nilipoanza kuchora kichwa hiki, mwenzangu mmoja darasani alichungulia daftari langu akacheka. "Umechora magurudumu manane upande mmoja! Treni ina sita. Mimi nimehesabu." Ni kweli alihesabu, lakini alihesabu vile vichwa vikubwa vya mizigo vya reli mpya ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017 na inayopita hapo Athi River, karibu na kwetu Kitengela. Hivyo vina bogi mbili zenye ekseli tatu tatu, na kila upande ni magurudumu sita. Daraja la 90 si hivyo. Kila bogi ina ekseli nne. Tatu zina mota za umeme za kuvuta, na ya nne, iliyo upande wa nje, haina mota. Gurudumu lake ni dogo kuliko mengine, na kazi yake ni kubeba uzito na kuongoza njia. Jumla ni ekseli nane, magurudumu 16. Mafundi wa reli huandika mpangilio huo 1Co-Co1. Herufi C inamaanisha ekseli tatu za kuvuta, na ile 1 ni ekseli moja ya kubeba tu.

Kwa nini taabu yote hiyo? Jibu liko chini, kwenye reli. Tuseme kichwa kina uzito wa tani 96. Kikiwa na ekseli sita, kila ekseli inakandamiza reli kwa tani 16. Kikiwa na ekseli nane, ni tani 12 tu. Reli zetu za zamani zilikuwa nyembamba, na ukizipandishia mzigo mzito mahali pamoja zinapinda, mataruma yanapasuka, na kichwa kinalala ubavuni. Fundi wa Uingereza angeweza kuunda kichwa chepesi chenye nguvu ndogo, lakini kuna milima ya kupanda kutoka pwani. Basi akaongeza miguu. Ni kama ng'ombe anayevuka tope akiwa na miguu minane badala ya sita (ng'ombe wa namna hiyo hayupo, lakini umenielewa). Tena ekseli ya mbele hufika kwenye kona kwanza, ikaanza kuigeuza bogi pole pole kabla ya zile nzito kufika.

Watu wengi huamini kwamba injini ya dizeli inazungusha magurudumu moja kwa moja kama ya matatu. Sivyo. Dizeli huzungusha jenereta, jenereta hutoa umeme, na umeme huenda kwenye mota zilizo kwenye ekseli. Kwa hivyo kichwa hiki ni kiwanda cha umeme kinachotembea.

Basi tupime. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu hawana mchoro wa kiwandani. Mimi pia sikuwa nao. Nilikuwa na picha mbili tu za zamani, moja ya mbele na moja ya ubavu, lakini reli yenyewe ni rula. Upana wake tunaujua, ni milimita 1,000. Kama huamini, panda matatu hadi Kajiado, pale mjini ambapo reli ya kutoka Konza kwenda Magadi inapita, uombe ruhusa ya mkubwa, upime kwa futi ya fundi mahali barabara inapokata reli. Usitembee juu ya njia yenyewe. Treni za magadi hupita, na kichwa cha treni hakina mchezo.

Chukua picha ya mbele. Pima upana wa reli pale magurudumu ya mbele yanapokanyaga, si karibu na mpiga picha, maana vitu vya karibu huonekana vikubwa. Katika picha yangu nilipata milimita 16. Kimo cha kichwa kutoka reli hadi paa kilikuwa milimita 60. Kwa hivyo kimo halisi ni 60 ugawanye kwa 16, yaani mita 3.75. Sasa chukua picha ya ubavu. Hapa upana wa reli hauonekani, lakini kimo unakijua tayari, na hicho kimo ndicho kinakuwa rula yako ya pili. Kwenye picha kimo kilikuwa milimita 30 na urefu milimita 136. Gawanya 136 kwa 30, kisha zidisha kwa 3.75. Unapata mita 17. Vivyo hivyo utapata upana wa kibanda cha dereva, nafasi kati ya ekseli, na kila kitu kinachoonekana. Mwalimu wa hisabati akikufundisha uwiano, usiulize tena utakusaidia wapi.

Mimi nilichagua kipimo cha 1:200. Maana yake ni kwamba mita moja ya kweli inakuwa milimita 5, na milimita moja ya rula yako ni sentimita 20 za kweli. Upana wa reli unakuwa milimita 5. Urefu wa mita 17 unakuwa milimita 85. Sasa sikia ajabu: kile kijikadi cha plastiki ambacho laini ya simu huja nayo, kile tunachotupa tukishabandua laini, kina urefu wa milimita 85.6 na unene wa milimita 0.76. Ama kweli Mungu hamwachi fundi maskini! Kitengela nzima kadi hizo zimetapakaa chini mbele ya vibanda vya simu.

Lakini udogo huo ulinitia wasiwasi, na sababu yake ni Babu.

Babu yangu anaishi Kajiado. Ujana wake wote aliufanyia kazi katika gangi ya reli upande wa Konza, kubadilisha mataruma na kukaza misumari, na alizijua dizeli hizo kwa ngurumo kabla hazijatokea kwenye kona. Sasa ana presha ya macho. Anaona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu, basi. Zile picha mbili ni zake. Nilipomwambia nitaziazima nichore, alinipa bila kusita, akasema, "Chukua, mjukuu wangu. Picha haishikiki." Tangu siku hiyo nilijua kwamba mfano wangu lazima usomeke kwa vidole, na hasa magurudumu yahesabike, kwa kuwa hayo ndiyo alama ya daraja la 90. Akipapasa akute sita, atajua nimemletea treni ya watu wengine.

Je, kidole cha mzee aliyeshika nyundo miaka mingi kitahisi gurudumu lenye upana wa milimita 4? Sikutaka kubahatisha. Kabla sijakata kitu chochote kikubwa, nilibandika vijiduara kwenye vipande viwili vya kadi, kimoja sita na kingine vinane, vikiwa vimeachana kama ekseli zitakavyoachana. Nilikwenda navyo Kajiado Jumamosi moja. Nyama ya kidole haikusaidia, imekuwa ngumu kama soli. Lakini alipopitisha ukucha, ulikuwa unaanguka katika kila pengo. Alihesabu sita, akahesabu nane, akaniuliza ni mtihani gani huo. Basi nikajua 1:200 inatosha. Wewe pia, kama unamuundia mtu kitu, jaribu kwanza kwa mkono wake, si kwa mkono wako.

Tuingie kazini. Vifaa ni hivi: kadi za laini tano au sita, wembe, rula ya chuma, msasa laini, gundi ya matone (ile inayoshika vidole, kwa hivyo tahadhari), pini za ofisini, shanga ndogo, na waya mwembamba wa shaba kutoka ndani ya kebo ya simu iliyotupwa.

Magurudumu ndiyo kazi ngumu. Usijaribu kuyakata kwa mkasi, hutapata mawili yanayolingana. Nenda kwa fundi wa viatu. Ana koleo la kutobolea mikanda, lenye midomo ya mviringo ya ukubwa mbalimbali. Yeye anataka tundu na hutupa kinachotoka. Sisi tunataka kile kinachotoka. Toboa kadi kwa mdomo wa milimita 4.5 mara 12, hayo ni magurudumu ya kuvuta, sawa na sentimita 90 za kweli. Halafu toboa kwa mdomo wa 3.5 mara nne, hayo ni madogo ya kuongoza. Toboa na ya ziada, maana mengine yataruka yapotelee vumbini. Fundi wangu hakunitoza hata shilingi. Aliniuliza tu kama nitamletea aone.

Tafuta kitovu cha kila kijiduara kwa ncha ya bikari na utoboe kwa pini iliyopashwa moto. Ekseli ni pini iliyokatwa kichwa. Vaa gurudumu moja, kisha shanga mbili au tatu mpaka nafasi ifike milimita 4 na kidogo, kisha gurudumu la pili. Shanga hizo nilipewa na shangazi yangu anayeshona mikufu na kuiuza Kajiado. Zina tundu lililonyooka na hazihitaji kupimwa upya, kwa hivyo magurudumu yote yanaachana sawasawa. Sijaona kitu bora zaidi.

Gurudumu la kweli lina ukingo upande wa ndani, ule unaozuia treni isiteleze nje ya reli. Ukingo huo huwa kama milimita 28 hadi 30. Ukigawanya kwa 200 unapata milimita 0.15, yaani unene wa karatasi ya jalada. Mimi niliuacha. Mfano wangu unasimama juu ya reli zilizobandikwa, haukimbii, na ukucha wa Babu hauwezi kuuhisi.

Mtaniuliza, kwa nini usitie mota? Mota ipo, ile ndogo inayotetemesha simu, na ingeingia ndani ya boneti bila shida. Lakini hebu tupige hesabu. Tuseme inazunguka mara 10,000 kwa dakika. Mzingo wa gurudumu langu ni 4.5 mara 3.14, kama milimita 14. Kwa dakika moja kichwa kingekwenda mita 141, ambazo ni kilomita 8.5 kwa saa. Si mbio nyingi, sivyo? Sasa zidisha kwa 200 ili kipimo kiwe kimoja: kilomita 1,700 kwa saa! Ndege ya abiria ingeachwa nyuma. Treni iliyo katika mwendo wa kilomita 72 kwa saa inapaswa kwenda sentimita 10 tu kwa sekunde katika kipimo chetu, kwa hivyo unahitaji gia za kupunguza mzunguko huo mara 23 au 24. Mwenye saa ya ukutani iliyokufa na anitafute, kuna vigia vya plastiki mle ndani.

Bogi mbili zikate kutoka kadi, kila moja vipande viwili vya ubavu vyenye matundu manne. Angalia picha vizuri: ekseli tatu za kuvuta ziko pamoja, na ile ndogo iko upande wa nje, kuelekea mwisho wa kichwa. Ukizigeuza ukaweka ndogo katikati, kazi yote imeharibika. Fremu ya kichwa ni kadi moja nzima kwa urefu wake, ukiipunguza upana. Bogi ishikilie kwa pini moja tu katikati ili igeuke. Mwili ni visanduku viwili, boneti ndefu ya injini na kibanda cha dereva. Kata pande, zibandike pembe kwa pembe, acha zikauke usiku kucha kabla ya msasa. Madirisha yatoboe kabla ya kubandika, si baada. Usikazanie vitasa na skrubu. Kitasa cha sentimita 10 kinakuwa nusu milimita, na gundi yenyewe ikianguka ni kubwa kuliko hicho kitasa.

Reli ni ule waya wa shaba. Una unene wa nusu milimita, yaani sentimita 10 za kweli, na reli nyembamba ya zamani haikuzidi hapo kwa mbali. Mataruma ni njiti za kiberiti zilizopasuliwa katikati na kukatwa urefu wa milimita 10. Njiti nzima ni nene mno, itaonekana kama gogo.

Kuhusu rangi sikuwa na la kuamua. Babu alisema ni damu ya mzee, rangi ya Shirika la Afrika Mashariki, na hakutaka kusikia habari za rangi nyingine zilizokuja baadaye. Nilimkumbusha kwamba haoni. Akasema yeye haoni lakini majirani wanaona, na watamwuliza.

Nilimpelekea mwezi wa nne, likizoni. Aliugeuza akaupitisha ukucha chini taratibu, upande mmoja, kisha wa pili. Aligusa lile gurudumu dogo la mwisho, akalirudia. Kisha akatafuta kibanda cha dereva, akakaa kimya kidogo, akauliza dereva anatazama Mombasa ama Nairobi. Nikamwambia Nairobi. Akaugeuza kwenye kiganja chake, akasema jioni kama ile huwa unashuka Mombasa na mzigo, na kwamba mabehewa yako wapi.

Kwa hivyo kama una kadi za laini usizozihitaji, nina mabehewa ya kuunda. Nipo dawati la mwisho karibu na dirisha.